Malezi ya polepole nyumbani: maswali ambayo wazazi hutuuliza mara kwa mara

Tunalea watoto wa miezi 6 hadi miaka 4 wakati wa mchana, kwenye nyumba ya kawaida Tabata, Dar es Salaam. Ina sebule, vyumba viwili vya kulala, baraza na uwanja wa mchanga chini ya mwembe. Hatuna sare wala ukuta wenye katuni. Wazazi wanaopiga simu, na wale wanaosimama getini asubuhi huku bodaboda inawasubiri, huuliza mambo yanayofanana. Tumeyajibu hapa kwa urefu kwa sababu getini huwa hakuna muda.

"Polepole" maana yake watoto wanashinda wamekaa tu?

Watoto hawatulii hapa hata kidogo. Wanaopunguza mwendo ni sisi wakubwa. Mtoto wa mwaka mmoja akiamua kupanda ngazi ya baraza, anapanda, anashuka kinyumenyume, anapanda tena mpaka achoke mwenyewe, na hakuna wa kumnyanyua eti muda wa kupanda umekwisha. Mlezi anakaa chini karibu yake. Hampi mkono mpaka auombe.

Tunachokikataa ni ile siku ya mkupuo: watoto wote waamshwe, wote walishwe, wote waogeshwe, wote walazwe, ili mlezi amalize. Ukimtazama mtoto wa miezi 10 utaona kwamba kula, kuoga, kubadilishwa nepi na kulala ndiyo kazi zake kubwa za siku. Humo anasikia maneno, anaujua mwili wake, na anapima kama watu wazima wanaaminika. Mlezi akizikimbiza kazi hizo ili apate nafasi ya "kumfundisha", amelitupa somo akabaki na daftari.

Haya si mambo ya Wazungu?

Kwa sehemu, ndiyo, na hatufichi. Mengi tumeyapata kwa Emmi Pikler, daktari wa watoto aliyezaliwa Vienna mwaka 1902 na kufanya kazi Budapest, Hungaria. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, alifungua makao ya watoto wachanga waliobaki bila wazazi au ambao hawakuweza kulelewa kwao. Yalikuwa mtaa wa Lóczy, na watu wakayaita hivyo hivyo, Lóczy. Makao mengi ya wakati ule yaliweza kumlisha mtoto na kumweka safi, lakini mtoto alidumaa akili na hisia kwa kuwa hakuwa na mtu wake. Pikler hakutafuta mashine wala midoli ya kuziba pengo hilo. Alibadilisha namna ya kufanya kazi za kila siku. Kila mlezi alikuwa na watoto wachache anaowajua. Hakumgusa mtoto kabla ya kumwambia anachotaka kufanya. Mtoto ambaye hajaweza kukaa hakukalishwa, na ambaye hajaweza kusimama hakusimamishwa. Saa zilizobaki alikuwa sakafuni, huru kujigeuza na kutambaa anavyojua. Magda Gerber, aliyejifunza kwake, alihamia Marekani, na mwaka 1978 akaanzisha huko Los Angeles shirika la kuwafundisha wazazi na walezi mambo hayo.

Sehemu nyingine tuliikuta kwetu. Bibi anayemkanda mjukuu kwa mafuta ya nazi, akimtaja mguu huu ni wa babu na ule ni wa shangazi, hakusubiri mtu wa Budapest amwambie aongee na mtoto. Na serikali nayo haiko mbali na hapo. Ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inataja mambo matano: afya bora, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho ndilo tunalolishughulikia kutwa: mtoto anatoa ishara, mkubwa anaiona na kuijibu. Mkubwa mwenye haraka haoni ishara.

Siku inakwendaje?

Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, maana wazazi wa Dar wanashindana na foleni. Wadogo waliokuja wamelala wanaendelea kulala. Uji unakuwa tayari saa mbili, na anayeamka saa tatu anakuta wake. Kisha uwanjani mpaka jua likaze. Halafu kuoga, chakula cha mchana, usingizi, matunda, kucheza barazani, na kuanzia saa kumi wazazi wanaanza kuingia. Mpangilio haubadilikibadiliki, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma saa anaijua siku kwa mfuatano wake. Dakika ndizo tunazoziachia.

Nilikuja nikakuta anti anabadilisha nepi karibu robo saa. Kulikoni?

Swali hili tunalipenda, kwa hiyo vumilia.

Nepi hubadilishwa mara nyingi kwa siku. Jumlisha mpaka mtoto afikishe miaka miwili na nusu na utaona kwamba hakuna shughuli nyingine inayowakutanisha mtoto na mlezi wake uso kwa uso, wakiwa wawili tu, mara nyingi kiasi hicho. Sasa angalia inavyofanyika kwa kawaida. Mtoto anadakwa kwa nyuma katikati ya mchezo, analazwa, anakamatwa miguu yote miwili kwa mkono mmoja, anapanguswa huku mkubwa amekunja pua akisema "mh, unanuka wewe", anapewa simu atulie. Dakika mbili, kazi imekwisha. Mtoto amejifunza kwamba mwili wake ni mzigo wa mtu, na kwamba mtu yeyote anaweza kuushika wakati wowote bila kumwuliza.

Hapa mlezi anamfuata mtoto, anachuchumaa mbele yake aonekane. "Baba, nepi yako imelowa. Twende tukabadilishe." Anasubiri. Mara nyingi mtoto anamaliza alichokuwa anafanya kisha ananyoosha mikono mwenyewe. Akilazwa anaambiwa kila hatua: sasa nafungua, maji haya ni ya vuguvugu, nipe mguu huu. Na kweli anautoa. Mtoto wa miezi minane anainua kiuno akiambiwa, kama kila siku amekuwa akisubiriwa. Akikataa na kujipinda, mlezi anangoja au anambadilisha akiwa amesimama. Maji ya vuguvugu na pamba vinatosha. Poda hatutumii, kwa sababu vumbi lake linaingia mapafuni.

Kuna faida ambayo wazazi hawaitarajii. Mtoto aliyezoea kuambiwa kabla ya kuguswa atashtuka haraka siku mtu atakapomgusa bila kumwambia. Tunadhani kinga ya namna hiyo inaanzia kwenye nepi, kabla hajajua kuongea.

Mwanangu hali. Mtamlisha kwa nguvu?

Hatumkabi mtoto. Tunajua wengi wetu tulikuzwa hivyo: unalazwa mapajani, mikono inabanwa, pua inashikwa, uji unamiminwa. Ulishuka, ndiyo, lakini mwingine uliingia njia ya hewa, na mtoto akatoka hapo anakiogopa kijiko.

Tunachofanya ni kuandaa chakula kizuri na kumwachia mtoto aamue kiasi. Kuanzia miezi 6 uji unakuwa mzito, usiodondoka ukiinamisha kijiko, kwa sababu uji mwepesi kama maji unajaza tumbo dogo bila kuleta nguvu. Unaongezwa karanga zilizosagwa laini, maziwa au mafuta kidogo. Mtori, viazi vilivyopondwa, maharage yaliyochujwa maganda, dagaa waliosagwa, mchicha uliokatwa laini, parachichi, papai. Miezi 6 hadi 8 ni milo miwili au mitatu kwa siku, na baada ya miezi 9 mitatu au minne pamoja na kitu cha katikati, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Asali hatumpi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Mlezi analisha mtoto mmoja kwa wakati mmoja, kwa vijiko viwili: kimoja cha mlezi, kimoja cha mtoto kuchovya na kujipaka. Akigeuza uso mara ya kwanza tunapumzika. Akigeuza tena, basi. Kwenye daftari lake tunakuandikia amekula nini, na kama siku kadhaa zinapita bila hamu au uzito hauendi, tunakaa na wewe na kadi ya kliniki.

Maziwa yangu niliyokamua yatakaa salama?

Mwongozo unaotumika sana unasema maziwa ya mama yaliyokamuliwa yakae nje kwa muda usiozidi saa nne, lakini hapo wanazungumzia chumba kisichozidi nyuzi 25. Dar ya Januari haina chumba hicho. Yalete kwenye kibegi chenye barafu, tunayaweka kwenye friji mara yanapofika, mwishoni nyuma, mbali na mlango. Kwenye friji hukaa hadi siku nne, ila sisi huyatumia siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika tuna kontena la barafu. Yanapashwa kwa kuzamisha kikombe kwenye maji ya moto, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yanamwagwa. Tunajua yanauma kumwaga, kwa hiyo leta kwenye vifungashio vidogo vidogo.

Na wewe mama uliyeajiriwa: baada ya likizo ya siku 84 (100 kwa waliojifungua mapacha), sheria ya ajira ya 2004 inakupa muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hawaombi kwa kuwa hawajaambiwa. Uombe, uje mapema.

Asubuhi niondoke kimyakimya ili asilie?

Tafadhali usimtoroke.

Tunaelewa kwa nini watu wanafanya hivyo. Kilio cha mtoto kinakufuata mpaka kituo cha daladala, na ukimpa mtu amwoneshe kuku nyuma ya nyumba unaondoka bila machozi. Ila ukiondoka, anageuka, haupo. Kesho yake hatakubali kwenda kuona kuku. Ataganda kwenye gauni lako, na nyumbani hatakubali uende hata bafuni, kwa sababu amegundua kwamba ukipotea machoni unaweza kuwa umekwenda moja kwa moja.

Muage kwa maneno machache yale yale kila siku. "Mama anakwenda kazini. Anti atakaa na wewe. Ukishakula matunda nitakuja." Mkabidhi kwa mlezi wake, mikononi, kisha nenda. Usirudi kuchungulia dirishani, na usiseme "narudi sasa hivi" wakati unarudi jioni. Wala usimwahidi pipi. Atalia, na anayo haki. Kumuaga hakukusudiwi kukizima kilio, ila kumhakikishia kwamba akigeuka hatakuta umetoweka bila neno. Mlezi atabaki naye mlangoni mpaka atulie, hatamwambia "nyamaza, wakubwa hawalii". Tukiona ametulia tunakutumia ujumbe.

Kwa sababu hiyo wiki ya kwanza hatuichukui kama wiki ya kawaida. Siku za mwanzo unakaa naye hapa. Kisha unamwacha kwa saa moja, kisha mpaka chakula cha mchana. Kazini wanaweza kukusumbua, tunajua, na bibi au baba anaweza kuchukua nafasi yako. Lakini tunamkataa mtoto anayeletwa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kuachwa mpaka jioni kwa watu ambao hajawahi kuwaona.

Mbona mnamlaza sakafuni? Hapa hakuna kubebwa mgongoni?

Hapa ndipo tunapoachana na Lóczy kidogo. Kule mtoto alikuwa mkekani muda mwingi, na faida yake tunaiona: anayejigeuza mwenyewe anajua pia kuanguka, na hatuna mtoto aliyekalishwa kwa mito akabaki anaogopa kujisogeza. Lakini mgongo wa mlezi umewatuliza watoto wa nchi hii miaka mingi sana na hatuoni sababu ya kuustaafisha. Mwenye usingizi mzito, mwenye homa, aliyeishiwa hamu ya kila kitu, anafungwa mbeleko. Shida ni mtoto mwenye nguvu zake kufungwa mgongoni kutwa nzima ili mlezi afue. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa 2019, linasema mtoto mdogo asizuiwe kujongea zaidi ya saa moja mfululizo, na migongo imetajwa humo pamoja na viti vya kufungia.

Nimemnunulia kigari cha kutembelea. Nikilete?

Kiache dukani kama bado wanakipokea. Hakimfundishi kutembea, kwa kuwa anasukuma kwa ncha za vidole huku amening'inia, na kinampa mwendo asioweza kuuzuia kuelekea ngazini au kwenye jiko la mkaa. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Wenzake wanaimba alfabeti kwa Kiingereza. Wangu hatabaki nyuma?

Wazazi huuliza hili kwa sauti ya chini, kama wanatuonea huruma.

Njoo ukae barazani asubuhi moja. Mtoto wa miaka mitatu anamimina maji toka kikombe kirefu kwenda kibakuli kipana na kuduwaa kwamba yanaonekana kidogo. Anapanga vifuniko toka kikubwa hadi kidogo. Anagawa vipande vya muwa, "hiki chako, hiki changu, hiki cha anti", na kimoja kinabaki. Hiyo ni hesabu, na ameifika mwenyewe. Tunawaimbia, tunawasimulia hadithi za sungura na fisi kwa Kiswahili kilichonyooka, na kwa lugha ya kwao tukiwa na mtu anayeijua. Mtoto mwenye maneno mengi ya lugha anayoielewa atajifunza herufi kwa muda mfupi zikija. Aliyekaririshwa herufi bila maneno ana wimbo tu.

Elimu ya awali ya mwaka mmoja ipo, na ni ya lazima kabla ya darasa la kwanza. Huko herufi zinamsubiri. Hatuoni kwa nini tuzivute mpaka miaka miwili, na madaftari ya kufuatishia nukta hatuna. Ukiyataka kwa lazima, mtaa una shule nyingi za aina hiyo na tutakuonesha zilipo bila kinyongo.

Runinga?

Hakuna. Ule mwongozo wa 2019 wa Shirika la Afya Duniani unasema chini ya miaka 2 hakuna kabisa, na miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Saa hiyo tumewaachia ninyi nyumbani.

Wanachezea nini, kama midoli ni michache hivi?

Sufuria za zamani, vijiko vya mbao, vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi, vikapu vya ukili, ndoo ndogo, vipande vya kanga, mchanga, maji. Kitu kinachoweza kuwa mambo mengi kinachezewa muda mrefu kuliko kinachobonyezwa kikaimba. Kipimo chetu cha kupaliwa ni kile kigunzi cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kinachopita mle ndani hakipewi mtoto wa chini ya miaka mitatu. Karanga nzima nazo hapana.

Ndoo zenye maji hazibaki chini hata dakika moja. Mtoto anayejifunza kusimama akitumbukia kichwa, maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha. Mafuta ya taa hayakai kwenye chupa ya soda. Jiko la mkaa liko nyuma ya uzio. Kwenye mambo haya hatuna upole wowote.

Mnachapa?

Hapana. Hatufinyi, hatuvuti masikio, hatutishi kwa polisi, kwa daktari wa sindano wala kwa zimwi. Mlezi anayefanya hivyo anaondoka.

Mwanangu ameng'atwa. Mlikuwa wapi?

Pengine tulikuwa hatua moja. Kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu watoto hung'ata, kwa kuwa hasira zinakuja kabla ya maneno, na meno yanawasha. Mlezi anamshika kwanza aliyeumizwa, anasafisha kwa maji na sabuni. Kisha anamshukia aliyeng'ata, "sitakuacha umng'ate. Unakitaka kile kikapu, mwambie nipe." Haombishwi msamaha kwa nguvu, maana pole ya kulazimishwa ni kelele tu. Jina la aliyeng'ata hatukupi. Ukilijua, utamtazama mtoto wa watu kwa jicho baya mpaka aanze shule.

Analala saa ngapi, na wapi?

Godoro lake, shuka lake, chandarua. Wachanga wanalazwa chali, bila mto wala blanketi zito. Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa mwaka mmoja na miwili, saa 11 hadi 14. Ukituomba tusimlaze mchana ili usiku alale mapema, tutakataa kwa adabu. Mtoto aliyechoka kupita kiasi ndiye anayewakesha.

Poti mnaanza lini?

Anapoonesha dalili: anakaa mkavu muda mrefu, anajificha akitaka haja kubwa, anavuta nepi. Bibi zetu waliwakojolesha wachanga kwa kuwashika na kuwapigia mluzi mwepesi, na kama nyumbani mnafanya hivyo tunaendelea nanyi. Hatumkalishi mtoto kwenye poti nusu saa, wala hatumwaibishi akijikojolea.

Akiugua?

Mwenye homa, anayeharisha au kutapika hakai na wenzake, na tunakupigia simu hapo hapo. Homa Dar es Salaam ni ya kupimwa malaria, si ya kukisiwa. Anayeharisha anapewa maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini huku unakuja, na kituo cha afya kitampa zinki ya siku 10 hadi 14. Mmalizie dozi hata choo kikishika. Tunaangalia kadi ya kliniki kabla ya kumpokea, na surua-rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18 tunaiulizia kwa jina. Ile ya pili husahaulika sana.

Kwa nini ada yenu ni kubwa kuliko ya jirani?

Kwa sababu mlezi mmoja hapa ana watoto watatu wa chini ya miaka miwili, au watano wakubwa kidogo, na hatumbadilishii mtoto mlezi kila mwezi. Jirani mwenye watoto ishirini na wasichana wawili si mtu mbaya. Anatoza kile ambacho mama wa gengeni anaweza kulipa, na bila yeye mama huyo asingefungua genge. Ila hakuna namna ya kubadilisha nepi tunavyoeleza hapa ukiwa na kumi. Gharama yetu kubwa ni mishahara. Rangi ya ukuta inaweza kusubiri.

Sihitaji kituo, nina dada nyumbani. Naye anaweza kulea hivi?

Anaweza, na pengine vizuri kuliko sisi, kwa kuwa ana mtoto mmoja. Lakini tazama umempa nini. Kama asubuhi ana vyombo, kufua, kudeki, kwenda sokoni na kupika, mtoto atafungwa mgongoni au atawekwa mbele ya runinga, na hilo hukumwagiza yeye, limetokana na wingi wa kazi. Punguza. Kubaliana naye kwamba saa za mtoto kuoga, kula na kulala hakuna kazi nyingine, na kwamba ukirudi ukakuta sahani chafu hutanuna. Mlipe kwa wakati, mpe siku ya kupumzika, mwite kwa jina lake mbele ya mtoto. Dada anayefokewa asubuhi atamfokea mtu mchana, na mtu aliyebaki nyumbani ni mmoja.

Mfundishe jambo moja moja. Anza na la kumwambia mtoto kabla ya kumnyanyua. Likizoeleka, ndipo mwende kwenye chakula. Na umri: Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Binti wa miaka 12 uliyemtoa kijijini "akusaidie mtoto" ni mtoto wa pili ndani ya nyumba, na shule inamsubiri.

Narudi saa mbili usiku nimechoka. Polepole nitaitoa wapi?

Chagua kitu kimoja. Kuoga kwa jioni, au kumlisha, au dakika za kitandani. Simu iwe chumba kingine. Vingine vifanye kwa haraka yako ya kawaida, hatadhurika.

Nataka kufungua kwangu. Nianzie wapi?

Anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, kwa sababu vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria hiyo ya Mtoto. Atakuja kutazama jengo, choo, uzio na maji. Jifunze huduma ya kwanza, hasa mtoto aliyepaliwa na mwenye degedege. Anza na watoto wachache kuliko unaoweza kuwapata, hata kama mfuko unalia, kwa kuwa kuongeza ni rahisi na kupunguza utamkosea mtu. Njoo ushinde nasi siku nzima. Utapewa kigoda na hutaruhusiwa kubeba mtoto mpaka jioni, utazame tu.

Siku ya kwanza nilete nini?

Kadi ya kliniki. Nguo tatu za kubadilisha, zisizobana, za kuchafuliwa. Nepi, za kitambaa au pampasi, na mfuko wa zilizochafuka. Kofia. Kanga uliyoivaa bila kuifua, maana inabaki na harufu yako na wadogo huilalia. Namba za simu za watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua, na picha zao. Mtu wa tatu akija tutakupigia kwanza hata akiwa ni mjomba. Tuandikie pia maneno ya mtoto anayoyatumia nyumbani kwa maji, kwa choo, kwa usingizi, maana "mm-ma" ya nyumba moja ni maji na ya nyingine ni nyonyo. Viatu si lazima.